Kaseti Niliyomtumia Kavira

Butembo, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Luofu.

Mama,

Kasereka atakusomea barua hii. Mdogo wangu, kaeni jikoni na usome kwa sauti ya chini, dada yetu Kavira asisumbuke.

Mama, mgongo unasemaje na baridi ya huko? Viazi vimeota, au mvua imeviozesha tena? Mimi ningali hai. Ninakula mara moja kwa siku, ninalala katika dépôt ya moulin, ghala la mashine ya kusaga, juu ya mifuko ya mihogo, na asubuhi ninakohoa unga. Mwili unasimama, sijui kwa nguvu gani.

Maneno ya Kasereka yalifika, pamoja na kaseti aliyoirudisha. Nimeyasoma mara tatu. Ninaandika ili usikie kutoka kwangu mwenyewe: kosa ni langu, si la Kavira.

Unajua nilichotaka. Uliponiletea habari kwamba majirani hawataki tena kwenda naye mafichoni kwenye mianzi askari wanapokuja, kwa sababu akisikia risasi anapiga kelele na wote watakamatwa, chakula kilinishinda. Dada yangu si mwenda wazimu. Tangu utoto sauti zinamchoma kama moto unavyotuchoma sisi. Sufuria ikianguka, makofi ya kanisani, hata jogoo. Wale waliomwombea kwa ngoma ili pepo atoke walimwongezea tu, na mimi nilikuwepo, nilishika mikono yake. Hilo pia nakuomba unisamehe.

Nikakumbuka kwamba kitu kimoja kilikuwa kinamtuliza: wimbo wa huzuni, wa polepole. Nyimbo za furaha zinamrukia usoni. Za huzuni zinapita kando yake.

Hapa ninafanya kazi na mzee Mbusa, mtu wa Alimbongo. Yeye anamwaga mihogo kwenye mashine, mimi ninabeba mifuko. Ana gitaa, na ana wimbo aliotunga baada ya kumzika mtoto wake njiani wakikimbia. Anauita bluzi, neno alilolipata kwa mwalimu mmoja aliyetumwa kutoka Kisangani. Siku ya kwanza kuusikia nilijifuta uso.

“We Kambale, njo unalia?” akaniuliza.

“Hapana, mzee. Ni bunga,” nikamjibu, nikijipangusa unga machoni.

“Bunga gani ile inatoka na mayi?”

Nikamwomba tuuweke kwenye kaseti. Piles, betri za radio, hatukuwa nazo, tukachomeka radio kwenye umeme wa moteur, injini ya moulin, tukafunga mlango wa dépôt, akaimba. Tukausikiliza, tukaona ni mzuri. Nikautuma.

Sasa Kasereka ananiambia kwamba wazee walikubali kumjaribu: wakae naye kwenye mianzi, kaseti ilie, na akinyamaza mpaka mwisho, atakuwa na nafasi kati yao. Na kwamba hata ubeti wa kwanza haukuisha. Alipiga kelele, akajigonga kichwa, mbwa wa kilima cha pili wakamjibu. Wazee wakasema basi, yamekwisha. Kasereka anaandika, “Alisikia moteur.”

Nikashangaa. Moteur gani? Nikaisikiliza kaseti tena kwa Mbusa, siku ya mapumziko, mashine imezimwa, kwa piles za kuazima. Nikasikia gitaa na mzee. Mbusa naye akasikia gitaa na yeye mwenyewe. Tukamwita mke wake aliyekuwa anamenya viazi. Akasikiliza kidogo, akacheka.

“Hii ni kaseti ya moulin. Lakini kuko mutu anaimba nyuma yake?”

“Tulifunga mulango, mama,” nikamwambia.

“Mulango mulifunga. Masikio yenu njo ilishakufa. Hata sasa unanipigia kelele kama niko ku Beni!”

Mama, ndivyo ilivyo. Ninapiga kelele nikiongea, na sikujua. Moteur ile nimekaa nayo mpaka haipo tena kwangu. Nilimtumia dada yangu mashine nzima, ikalia mbele ya majirani, na kwa kaseti ile akapoteza nafasi yake. Sasa najua kwamba watu wakikimbia, wewe unabaki ndani naye, mmefunga mlango wa mbao. Ninawaona hivyo kila siku nikibeba.

Sitatuma kaseti nyingine. Nimemwomba Mbusa maneno, uimbe kwa mdomo wako. Ni haya:

Nilifika mutoni, daraja haiko.
Nikaita ng’ambo, nani aitike?
Mayi inapita, hainiulize jina.

Kuna ubeti mwingine ambapo sauti ya mzee inapanda ghafla. Huo nimeuacha, hautamfaa. Kaa nyuma ya Kavira, mgongo kwa mgongo, usiimbe kwenye sikio. Usipige makofi, usimpapase. Mstari wa mwisho usiutamke, uugune tu mdomo ukiwa umefungwa, aupate kwa mfupa wa mgongo. Akiinua mkono, nyamaza hapo hapo. Haya nimeyafikiri kwa akili tu, maana kwa masikio siwezi tena kupima kitu. Wewe pima.

Sidhani wazee watabadilika. Na kusema ukweli, risasi haingojei ubeti uishe. Lakini labda mkiwa wawili mle ndani atatetemeka kidogo kuliko jana. Zaidi ya hapo sina cha kukupa.

Nisalimie mjomba mpasua mbao, shangazi wa kwaya, na mke wa mchungaji aliyetupatia blanketi. Majirani nao wasalimie. Siwachukii, wana watoto wa kuficha.

Nilisema nitarudi mwezi wa kumi na mbili. Sitarudi. Barabara ya kusini imefungwa na askari wanawachukua wanaume wabebe risasi zao. Natarajia mwezi wa pili, kwa njia za mashambani, kama nitapita. Nikifika sitabisha hodi. Nitasimama nyuma ya ua, mdomo nimefunga, mpaka Kasereka atoke anionyeshe kwa mkono sauti ninayoruhusiwa kuingia nayo.

Mwanao,
Kambale