Jani la Sale

Mama Neema,

Habari za Singida na wanangu? Mimi mzima, miguu tu imechoka. Huku Kibosho tunapima nyumba, migomba na njia, ili ramani ibandikwe wazi kila mtu aione kabla barabara haijapangwa. Jana nilifyeka mmea uliozuia kamba yetu, kumbe ni sale, mpaka wa shamba la bibi mmoja.

Akafoka, "Tokeni, kwangu hampimi."

Nikajua kibarua kimeota nyasi. Nikamwendea kumwomba radhi, jani la sale bado mkononi. Akalitazama, akacheka. "Mchagga akiletewa sale lazima asamehe. Nani kakufundisha?"

"Woga, bibi."

Tukapima, akatupikia ndizi. Nakuletea mche tuupande mlangoni, maana najua nitakuudhi tena.

Nimewakumbuka,
Baba Neema