Jina Langu Kwenye Kila Mstari

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Bosi Abubaker ametoa amri: msimbo wote wa ofisi, yale maandishi yanayoendesha programu zetu, uandikwe kwa mtindo mmoja. Nani wa kuusafisha? Mimi Umulkheir, mgeni, niliye kwenye majaribio. Nikifanya vizuri, mkataba. Nikiharibu, narudi Kisugu kumsaidia mama kuuza vitenge.

Nimefungua programu ya mashine za kutotolea vifaranga. Yarabi! Mmoja anasogeza mistari nafasi mbili, mwingine tatu — tatu, jamani! Okwir wa meza ya pili kavipa vipimo vyake vyote vya programu majina ya wachezaji mpira. Kwingine majina ni aa, bb, cc tu. Nimeuliza ni kazi ya nani. Wanasema ya zamani, basi.

Jumatano, 10 Septemba

Wachezaji wa Okwir nimewafukuza uwanjani. Amenuna, eti nimeua ladha. Ile aa sasa inaitwa kikomo_cha_joto: joto likifika hapo, mashine ijizime. Hata mama angeelewa. Najipenda!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemaliza. Mistari imenyooka kama safu za swala ya Idi. Kumbukumbu za programu huonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho — na sasa ni Umulkheir, Umulkheir, Umulkheir, hadi chini. Nimepiga picha, nikamtumia dada Shamsia. Kanijibu kwamba naringa. Naringa, ndiyo.

Jumanne, 16 Septemba

Balaa. Mteja wetu wa vifaranga, Mama Alanyo, kapiga simu analia. Kidhibiti cha mashine kiliharibika, joto likapanda, programu yetu haikuizima. Mayai yote yameiva. Okwir kasema tufungue kibanda cha rolex, zile chapati za kukunjia mayai: mayai tunayo, zimebaki chapati tu. Nikacheka. Halafu nikafungua msimbo.

kikomo_cha_joto = 83. Ilitakiwa 38!

Mstari unasomeka vizuri ajabu. Jina nililipamba, namba sikuitazama. Mjinga mimi.

Bosi kaona jina langu, kanifokea mbele ya wote: aliyeandika mstari ule hana kazi hapa. Nikasema nilisafisha tu. Hakusikia. Kesho nipeleke maelezo, Mama Alanyo naye anakuja.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi nimerudi nyuma kwenye kumbukumbu, kabla ya usafi wangu. aa = 83. Mwandishi: Abubaker. Miaka sita iliyopita, alipokuwa bado anaandika msimbo mwenyewe!

Nimempelekea kompyuta ofisini kwake. Akasoma jina lake. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Ghafla nimekuwa mwanawe, nimeagiziwa chai na sambusa.

"Mwanangu, hii mambo ya zamani, inaweza futwa?"

Inaweza. Nikamwambia inaweza. Akatoa mkataba wangu kwenye droo, akautia sahihi, akausukuma upande wangu na kalamu juu yake. Kisha akashuka kumpokea Mama Alanyo.

Niko peke yangu humu, naandika. Nautaka mkataba huu, Mungu anajua. Mkono umeshafika kwenye kalamu mara mbili.

Wanapanda ngazi. Mama Alanyo anauliza ni nani aliyemharibia mayai. Bosi anamjibu kwa heshima, sauti laini kama ya shehe:

"Ni msichana mgeni, nyabo. Tulishamaliza na yeye."

Hee!

Nimeigeuza kompyuta iangalie mlango, aa = 83 na jina la Bosi vikiwa wazi. Herufi nimezikuza, Mama Alanyo asihangaike na miwani. Kitasa kinazu—