Vyuma vya Pembe ya Ziwani

Goma, Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Papa mpendwa,

Nimejiapiza kukueleza yote, hata lile linalonitia haya, kwa hiyo kaa vizuri kabla hujaendelea kusoma. Huko kisiwani Idjwi unakojenga simu haishiki, basi barua hii naikabidhi kwa jirani yetu Mama Furaha. Anaondoka bandari ya Kituku na boti ya Jumanne, na atarudi Ijumaa.

Papa, wanapima shule yetu! Ni lile jengo la matofali la zamani za mapadri, ulilolitengeneza baada ya tetemeko, nilipokuwa na miaka saba. Mhandisi anatafuta kujua kama tunaweza kuendelea kusomea ndani yake au livunjwe. Likivunjwa, sisi wasichana wa ujenzi tutahamishiwa Munigi, na wenzangu wawili wameshaambiwa nyumbani kwamba huko mbali hawataenda. Wataacha shule.

Unakumbuka ulivyonipeleka kule kazini? Mama alikuwa hospitalini, maternite, na Baraka mchanga, na hapakuwa na wa kuniachia. Ulinikalisha juu ya beseni lililopinduliwa, ukanipa nyundo ndogo. "Gonga, halafu unyamaze," uliniambia. "Tofali nzima inalia. Yenye kuoza inakohoa." Niligonga asubuhi nzima. Niliposikia moja likikohoa nilipiga kelele hadi wafanyakazi wako wakacheka: "Muzee, huyu mutoto ni daktari wa matofali!" Wewe hukucheka. Ulilitoa lile tofali bila kuniuliza kama nina hakika, likavunjikavunjika mkononi mwako kama mkate mkavu. Sijui kama uliona nilivyokutazama.

Basi Alhamisi mhandisi alituuliza nani anajua kupima tofali. Mkono wangu ulipanda wenyewe! Nikagonga, nikanyamaza. "Hii nzima. Hii nzima. Hii inakohoa." Darasa zima likaangua kicheko, lakini yeye alilichokonoa lile la tatu, na unga mwekundu ukamwagika juu ya viatu vyake.

"Nani alikufundisha?"

"Papa yangu. Njo yeye alitengeneza hii ukuta."

Tangu hapo akanipa daftari lake nimwandikie. Papa, nimeandika kwa mkono wangu kwamba msingi wa mawe ya volkano haujasogea. Tulishusha timazi kila upande, na kuta tatu zimesimama wima. Nilitamani uwepo uone jinsi uzi ulivyotulia!

Tatizo ni pembe ya upande wa ziwa. Ufa umetoka dirishani unapanda mpaka darini, ukifuata udongo kati ya matofali kama ngazi. Mwezi uliopita mhandisi alibandika plasta juu yake mahali patatu, akaandika tarehe. Anaziita mashahidi: ukuta ukisogea, plasta inapasuka. Kila asubuhi nilikwenda kuzitazama kabla ya sala, na zilikuwa nzima. Kisha ikaja Jumapili ya komunyo ya kwanza, na Papa Zebe, mlinzi wetu, akapaka ukuta wote chokaa.

"Niliona madoa tatu pale, nikayakwangua," alimwambia mhandisi kwa fahari. "Watoto wa komunyo wanapita, ukuta iko na uso muchafu? Hapana!"

Mhandisi akashika kichwa. Mkuu wetu, Mama Prefe, akasema, "Zebe, umeua mashahidi tatu kwa siku moja!"

"Mashahidi? Mimi niliona plasta tu, Mama."

Tulicheka, hata mhandisi mwenyewe. Lakini anatakiwa kutoa ripoti Jumatatu ya tarehe 20, na mashahidi wapya wanahitaji wiki nyingi kabla ya kusema lolote. Akatuuliza kama yuko anayejua kilichomo ndani ya pembe ile. Kama kuta mbili zimefungwa pamoja kwa vyuma, pembe inaweza kungoja likizo itengenezwe, nasi tuendelee kusoma. Kama hazikufungwa, hawezi kumwacha mtu akae chini yake hata siku moja.

Nami nikasema kwa sauti kubwa, "Vyuma viko! Papa aliviweka, mimi nilikuwepo!"

Wenzangu walipiga makofi. Mhandisi aliandika. Nilirudi nyumbani kupitia mtaa wa Birere karibu nikimbie, nikiwakwepa wenye pikipiki, nimefurahi kupita kiasi.

Sasa lile la haya. Nilikuwa natwanga majani ya sombe, huku nikiitafuta ile siku kichwani ili nimsimulie Mama. Vyuma navipata: virefu, vina kutu, vimelazwa juu ya mawe, nami natembea juu yake kama daraja. Wewe nakupata pia, ukivikata kwa msumeno. Lakini wewe ukivitia ukutani, Papa, sikupati. Nilitafuta mpaka Mama akaniuliza kama ninamtwangia sombe au udongo. Nadhani huo mwisho niliuongeza mwenyewe kwa sababu niliupenda.

Ijumaa nilimweleza mhandisi. Hakunigombeza. Alikata maneno yangu daftarini kwa mstari mmoja, akasema, "Sasa unaanza kuwa fundi. Andikia muzee." Hataki kupiga patasi ovyo kwenye pembe iliyochoka. Ukimwambia ni mstari gani wa matofali, atatoa tofali moja tu ajionee.

Labda vyuma havikutosha, au waliokulipa walikuambia uache. Niandikie hivyo hivyo. Nakuomba usiniandikie jibu la kunifurahisha. Afadhali niende Munigi kwa miguu kuliko wenzangu kukaa chini ya ukuta kwa sababu ya neno langu. Lakini natumaini, Papa. Natumaini sana.

Mama anakusalimia, Baraka anadai samaki wa Idjwi. Nami, binti yako Neema, nitakuwa Kituku Ijumaa kabla boti haijafunga kamba. Nijibu hili tu: vile vyuma viliingia kwenye pembe ya ziwani, na kama viliingia, ni mstari wa ngapi kutoka juu ya dirisha?