Kilima cha Kwao Mama

Alhamisi, 3 Septemba 1959. Kasongo.

Jumapili nitahutubia mkutano wa chama Kabambare! Hotuba iko tayari, na moyo wake ni ukurasa mmoja: jinsi serikali ilivyokiteremsha kijiji cha kwao Mama kutoka kilimani, ikakipanga kando ya barabara kuu kama magunia ya pamba. Kilima kimebaki kitupu hadi leo. Nani aliwapa haki hiyo? Nani?

Barabara kuu ina askari wanaokagua vibali, mimi sina. Mjomba Emile anasema tutapita njia ya zamani ya milimani, kwa kamioneti yake. Mama ametangaza kwamba naye anakwenda, na kwamba kiti cha mbele ni chake.

Ijumaa, 4 Septemba.

Ee nchi yangu! Chuoni nimeitetea bila kuijua. Njia inapanda ikijikunja, ukungu uko chini yetu, na mbali kabisa mto Luama unang'aa kati ya majani. Kwenye madaraja ya magogo tunashuka, tunavuka kwa miguu; Mjomba analivusha gari huku akilibembeleza kwa Kibangubangu. Kwenye mteremko anazima injini — kubana esansi, asema. Basi tunateleza kimya, upepo mtupu, na Mama anakitaja kila kijito kwa jina. Hajapita huku tangu usichana wake. Kwa saa nzima nilisahau kugombana na Ubelgiji!

Chini ya kilima cha kwao Mjomba alipiga honi mara tatu. Honi, porini! Nikamwuliza anamsalimu nani, nyani?

"Ngoja kidogo, Monsieur Université."

Moshi. Kisha wanawake, vikapu vya muhogo, watoto... Wamerudi kilimani! Kimyakimya, nyumba baada ya nyumba. Honi ile huwaambia kwamba si gari la serikali. Mama mdogo Faida alimrukia Mama, wakaanguka wote wawili majanini wakicheka.

"Kwa karatasi ya Bwana Administrateur, huku hakuna mutu," akaniambia baadaye. "Iko nyani tu, sawa vile ulisema." Mjomba alikuwa amekwisha kunisemea!

Jumamosi, 5 Septemba.

Tulilala kilimani. Asubuhi, baada ya uyoga na ndizi, niliwasomea ule ukurasa kwa sauti yangu ya jukwaani. Mama mdogo akapangusa macho.

"Unasema muzuri sana, papa. Wazungu watasikia, watakuja kuangalia kama kweli kilima iko bila watu. Halafu?"

Halafu! Nilisema kwamba ukweli hauna budi kutangazwa. Mjomba akacheka: "Tangaza ukweli ya kwako."

Njia nzima ya kushukia Kabambare Mama alinishika mkono, akionyesha kwa ule mwingine: tazama pale, baba, tazama na pale.

Jumapili, 6 Septemba. Kabambare.

Naandika nyuma ya jukwaa. Jean-Marie, katibu wa chama hapa, niliyemtumia nakala kabla ya safari, amekwisha kuwasimulia watu habari za ule ukurasa, wanapiga kelele: "Kilima! Kilima!" Nimemwomba tuuache. Amenishika mabega: bila huo, ndugu, hotuba yako ni mate tu. Na ni kweli — sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho!

Karani wa serikali alinijia kwa adabu kubwa: ni kilima gani hicho? Nikajifanya nakohoa. Sasa namwona kupitia matete, safu ya mbele, kalamu mkononi. Karibu yake amekaa Mama, kitambaa cha sikukuu kichwani. Wanaita jina langu. Sijafungua kinywa bado, na Mama tayari anapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote —