Kitendawili Nilichotega Ofisini kwa Mjukuu

Mwenzangu, leo nimejiaibisha!

Nimempelekea mjukuu wangu simu aliyoisahau. Mapokezini nikamtegea mama mmoja mpole: "Wawili, kazi moja. Mmoja anaamua nani afukuzwe, mwingine anatumwa kumwambia, na ndiye anayelaaniwa."

"Nimeshindwa, bibi. Mji nakupa ofisi hii."

Nikauchukua! "Ni mkurugenzi wa rasilimali watu, na mjukuu wangu, meneja wake!"

Mjukuu akatokea, macho yamemtoka. "Bibi, huyu NDIYE mkurugenzi!"

NDIYE, mwenzangu! Nikajua nimemfukuzisha mtoto kazi kwa mdomo wangu.

Yule mama akamwambia mjukuu, "Kesho yule dereva tunayemwachisha kazi, nitamwambia mimi mwenyewe."

Mjukuu bado kaninunia. Nami ofisi niliyopewa sijairudisha.