Mawe Yaliyosuguliwa kwa Majivu

Jumatano, Makote. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na mpaka jioni hii moyo wangu haujafunguka.

Nimechoka, jamani. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Baba Saidi, mkulima wa korosho wa hapa, yuko mahabusu Masasi. Kwenye pikapu yake yalikutwa mawe mazito meusi, kipimo cha mionzi kikalia: urani. Yeye anasema alipewa mzigo njiani aufikishe tu. Polisi wanasema kayachimba mwenyewe shambani kwake.

Mimi ni mtaalamu wa miamba wa serikali; kazi yangu ni kujua yametoka wapi. Urani haifichi kwao. Isotopu za madini ya risasi na elementi ndogondogo zilizomo hubaki na alama za mwamba ilimotoka. Nikiyalinganisha na mawe ya shamba lake na alama zikakataana, hoja ya kuchimba inakufa.

Jana nilichimbua mawe shambani kwake mpaka mgongo ukakoma. Leo nimeyaanika kwenye ungo barazani kwa mkewe, Mama Saidi, nikaenda Newala kutafuta mifuko safi ya kuyafungia. Ndiyo, kwa mke wa mtuhumiwa. Gari la ofisi limekufa, ningeyaweka wapi? Nikamsihi asiache kuku wala watoto wayaguse.

Hawakuyagusa.

Kayasugua yeye, kwa majivu, kama anavyosugua sufuria. Nimeyakuta yanang'aa, majivu yameingia kila ufa. Majivu nayo yana madini yake, na mashine ya maabara haitajua yapi ya shamba na yapi ya jikoni. Sampuli zote bure kabisa.

"Mwanangu, yasingeweza kwenda serikalini machafu vile," kaniambia. "Wangesema Baba Saidi hana hata mtu wa kumjali."

Nilitaka kupiga kelele. Nikasema asante, mama.

Kisha nikaomba maji ya kunawa mikono. Hakuna. Huku juu maji yanapanda kwa baiskeli, dumu kwa dumu, na ndoo yake ya mwisho kaimalizia kwenye mawe yangu. Akaniomba radhi kwa hilo, eti mgeni kakosa maji.

Kesho nachimba upya, na Baba Saidi anaendelea kulala sakafuni Masasi. Kuchimba naweza. Ila nitamwambiaje huyu mama kwamba anayemchelewesha mumewe sasa ni yeye?