Pikipiki Niliyoichagua Mimi

Dimanche, siku ya kanisa, magaribi.

Ile nyekundu niliichagua mimi! Miezi mizima nilikuwa naangalia picha zake kwa telefone: kiti cha chini, guidon pana ya kushikia mikono, moteur ya kadiri, inatosha kwa mji na safari moja moja. Trésor, bwana ya dada yangu, alikuwa ananiuliza maswali tu. Kumbe anaenda kuinunua.

Leo ilikuwa arrosage, maana pikipiki mpya haitembei bila kumwagiwa bia. Akanipa chupa mbele ya watu wote. "Mwaga weye, shemeji. Ni weye unajuaka mapikipiki."

Nikamwaga kwa gurudumu la mbele. Watu wakapiga makofi. Bon, niandike ukweli: nilimuonea wivu.

Kisha akaniuliza, "Kesho naenda nayo Bafwasende. Itafika?"

Haifai kwa njia ile ya Bafwasende. Moteur iko chini sana. Kwa matope na mizizi ya pori itagonga, pengine imuangushe.

"Itafika," nikasema.

Sasa hivi dada yangu amepita kuazima koti yangu ya mvua. Anafurahi, kesho naye anaenda Bafwasende, atakaa nyuma ya bwana wake.

Nimemupa koti. Nikamutakia safari njema.